Mlango Uliolazwa Ukutani

Binti wa ofisi ya kodi ameniletea daftari jipya na kalamu mbili, moja ya akiba, ati niandike maisha ya Mshonaji. Mimi. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu, anayeandika mstari mmoja kisha anapumzika kama aliyepanda kilima. Nikamuuliza, ofisi yenu tangu lini inagawa kitu bure? Akacheka. Mtu wa kodi akikuchekea, shika mfuko wako. Akasema wanakusanya habari za wazee, watu wajue serikali ilivyojifunza kutoza na raia walivyojifunza kujificha. Nikamwambia la kujificha hatukufundishwa, tulizaliwa nalo. Lakini kalamu zake zimekaa siku nne juu ya meza zinanitazama, na mimi sitazamwi na vitu vya ofisi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Basi naandika. Atakayeona mistari yangu imepinda, apinde na yeye shingo.

Mshonaji alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, na haya yote ama niliyaona kwa macho, ama alinieleza yeye, maana kifuani mwake hakikukaa kitu.

Aliolewa na Mwashi akiwa mke wa pili. Alikuja na cherehani ya mkono, ulimi mrefu, na sharti moja. Alilitamka mbele ya wazee wa pande zote mbili, bibi arusi asiyejua kuinamisha macho: "Uke wenza nimeukubali. Lakini nataka mlango wangu, unaotazama barabara, niufunge na kuufungua nipendavyo mimi. Sitapita mbele ya macho ya mtu kila nikienda kununua uzi."

Mwashi alikuwa fundi wa kweli. Alimjengea vyumba viwili pembeni ya nyumba ya Mke Mkubwa, na kati ya nyumba hizo aliacha uchochoro ambao kuku akiingia hawezi kugeuka. Mlango aliuchonga kwa mti mgumu, akautia kitasa cha dukani chenye ufunguo wa urefu wa kidole. Mshonaji akaweka cherehani yake nyuma ya mlango huo, akaufungua wote kila asubuhi, na mtaa mzima ukajua hapa anakaa nani. Raha hiyo aliila mwaka mmoja na nusu.

Sasa msikilize mambo ya kodi, maana bila hayo hamtaelewa. Wakati ule serikali ilikuwa ya wageni. Ilikuwa haitujui majina, haijui nani anauza nini wala nani amevuna nini. Utamtozaje mtu usiyemjua? Mfuko wa mtu hauonekani ndani. Lakini nyumba haikimbii, na hapo ndipo walipotushika. Penye mlango wa barabarani na jiko la kupikia, hapo ni nyumba, na kila nyumba ina kodi yake. Mwenye wake wawili ana nyumba mbili, alipe mara mbili. Asiyeweza hupelekwa kupasua mawe ya barabara. Mwashi alishapelekwa mara moja, kabla ya ndoa ya pili, akarudi bega moja limeshuka kama shati lililotundikwa msumari mmoja. Mtu anayenyoosha kuta za wenzake kwa timazi, mwenyewe anatembea upande.

Mwaka huo habari zikaja kwamba Mhesabu nyumba atapita mvua zikikatika. Siku ya pili yake Mshonaji akamkuta mumewe anaupima mlango kwa kamba.

"Unapima nini, baba?"

"Napima."

"Mlango wangu unaumwa?"

"Hauumwi. Utalala kidogo."

"Mlango unalala?"

"Mke wangu, bega langu hili halirudi tena kwenye mawe. Nitauziba uchochoro, niunganishe mapaa, nitoboe kuta za kati, na huu wako niufunike. Tutakuwa nyumba moja, mlango mmoja, jiko moja. Akishapita Mhesabu, naufunua."

"Utauvunja?"

"Siuvunji. Naulaza tu ukutani, na kitasa chake. Ufunguo kaa nao."

Mke Mkubwa alikuwa kwenye ngazi ya nyumba yake anapepeta nafaka. Ungo ulisimama. Mshonaji akamwona. Tangu siku ile akawa na hakika kwamba shauri lile halikutoka kwenye kichwa cha Mwashi.

Kazi ilichukua siku tatu. Mwashi alitundika magunia upande wa barabara, akawaambia majirani kuwa mchwa wameingia ukutani. Hakuna aliyeuliza. Mtaa mzima ulikuwa na mchwa mwaka ule. Huku mtu anabomoa jiko la nje, kule mtu anamhamishia mama mkwe chumba cha mbuzi. Siku ya tatu mchana, Mwashi akamtuma Mshonaji akanunue chokaa. Duka la karibu halikuwa nayo, ikabidi aende la mbali. Aliporudi alikuta tofali zimepanda hadi juu na lipu inapakwa. Akasimama na chokaa yake kichwani.

"Umemaliza haraka."

"Fundi ni fundi."

"Na mlango umo?"

"Umo."

Mbao ngumu ilikuwa ghali nyakati zile. Mshonaji akautazama ule ukuta laini, akamtazama mumewe, akaondoka. Lakini mbegu ilikwisha kuanguka. Kwa nini anitume mimi? Kwa nini mbali? Ufunguo akautia kamba, akauvaa shingoni ndani ya nguo.

Mhesabu akaja. Alikuwa mtu mfupi wa kofia nene, daftari limefungwa kwa kamba shingoni kama ng'ombe mwenye kengele, na fimbo yenye ncha ya chuma ya kuchokolea majivu ajue kama jiko lina moto wa leo au wa juzi. Akaingia kwa Mke Mkubwa, akachokoa, akaandika. Akapita kwenye tundu jipya la kati akaingia kwa Mshonaji. Akasimama mbele ya ule ukuta, akaugonga kwa fimbo.

"Mbona ukuta huu unatoka jasho?"

"Bati linavuja, bwana," akasema Mwashi.

"Linavuja upande huu tu?"

"Mvua ina upendeleo, bwana."

Mhesabu hakucheka. Macho yake yakashuka kwenye cherehani, yakapanda kwa mwanamke aliyeketi nyuma yake. "Na huyu ni nani?"

Hapo ndipo Mwashi alipofungua kinywa na kukosa sauti. Akisema mke, swali linalofuata ni nyumba yake iko wapi. Ikaja sauti kutoka jikoni, ya mtu ambaye hata hakugeuka:

"Mdogo wangu huyo. Mgongo unaniuma, amekuja kunisaidia. Ni mgeni."

Mhesabu akaandika. Mshonaji hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo. Kwa Mwashi kalamu ilitembea sana, kwa Mke Mkubwa ikatembea kiasi, kwake yeye ikakwaruza mara moja ikanyanyuka. Kisha yule mtu akatoka nje, akachovya brashi kwenye lami, akaandika namba 114 juu ya mlango wa Mke Mkubwa. Akavuka barabara akaniandika mimi 115.

Alipotokomea, Mshonaji alisimama jikoni mikono kiunoni.

"Mimi mgeni?"

"Nimeliponya bega la mumeo, mwenzangu. Kaa ule."

"Ungesema binamu. Ungesema mpangaji. Kinywa chako kimechagua mgeni."

"Mgeni ni mtu wa heshima."

"Mgeni ni mtu wa kuondoka, dada."

Mke Mkubwa akafunika chungu. Ndivyo alivyokuwa, neno likimshinda anafunika chungu. Mshonaji akaenda kulala na swali ambalo lilikaa naye miaka arobaini: yule mwanamke alinisaidia, au alinifuta?

Mkiona miaka arobaini ni mingi, kaeni mlango mmoja na mke mwenzenu ndipo mtajua wingi wake. Akienda sokoni apite jikoni kwa mwenziwe, akirudi apite. Wateja wake wapite hapohapo na vitambaa vyao kwapani, na Mke Mkubwa kwenye kigoda chake kama askari wa mpakani: "Gauni la nani hilo? La arusi? Wewe tena? Yule wa kwanza amefia wapi?" Wateja wengine wakahamia kwa fundi mwingine. Mshonaji alisema ni makusudi. Akafunga uzi mwekundu kwenye kopo la chumvi kuonyesha kimo chake, kesho yake akakuta uzi umeshuka pamoja na chumvi. Akiulizwa, Mke Mkubwa alisema, "Chumvi hunyauka, mwenzangu, hujui?" Mitungi ikikaa pamoja haikosi kugongana, ila hii yetu ilikuwa inasikilizana mlio.

Kila mvua zikikatika alimwendea mumewe. "Mhesabu amepita. Nifungulie." Na Mwashi kila mara: "Tusubiri tuone." Mwanamume aliyezoea jiko moja hana haraka ya kuwasha mawili. Hilo naliandika mimi, yeye hakulisema.

Kisha bendera ikabadilishwa. Mtu akapita na kipaza sauti akisema kodi ya nyumba ilikuwa ya wageni na imepanda nao mashua, sasa tunajitawala. Watu wakatoka na chokaa wakazipaka namba zao. Mimi nilipaka yangu mara mbili. Mshonaji hakupaka kitu. Alichukua nyundo ya mumewe akampelekea mkononi.

"Nipe mlango wangu."

"Tusubiri tuone."

"Tuone nini tena? Wamekwenda!"

"Mwenye nyumba akiondoka, mke wangu, huwa anaacha msimamizi."

Nakiri kwamba siku hiyo Mwashi aliona mbali. Haikupita miezi mitatu akaja karani mpya, kijana wa kwetu, viatu safi, anajua kusalimia. Kwapani ana daftari. Jalada lilikuwa jipya la karatasi ya kaki, lakini Mshonaji alilitambua kwa doa la wino lililokaa ukingoni kama mjusi.

"Daftari hilo nalijua," akamwambia. "Lilikuja hapa shingoni kwa mtu mwingine."

"Ndilo, mama."

"Wenyewe wamekwenda, nyie mmelishika?"

Karani akajikuna. "Tungeanzia wapi, mama? Hatuna jingine."

Ofisini sijawahi kusikia neno la kweli kuliko hilo. Walikuwa makarani watatu na baiskeli moja kwa wilaya nzima. Serikali ile ya kwetu ilikuwa kama mtu aliyeamka kwenye nyumba ya giza, anapapasa, na kitu pekee anachokigusa ni lile daftari. Kilichomo anakiona. Kisichomo, kwake hakipo. Basi akasoma: mia moja kumi na nne, Mwashi, mke mmoja, mgeni mmoja. Kodi nayo ilipewa jina jipya, ikaitwa mchango. Mshonaji akaniambia, "Chui akivaa kanzu, mimi natazama kucha."

Mlango ukabaki ukutani.

Ukaja wakati wa kugawa mabomba ya maji. Tulifurahi, tukajua mtaa mkubwa kama wetu utapata mawili, pengine matatu. Tukapata moja, kule mwisho, karibu na machinjio. Siku ya kwanza foleni ilifika kwangu. Mshonaji, ndoo mbili mkononi, akamfuata yule mtu wa maji.

"Kaka, bomba moja kwa watu wote hawa? Mnatuona samaki wa kukausha?"

"Kitabu kinasema nyumba ishirini na sita, mama. Nyumba ishirini na sita ni bomba moja."

Foleni nzima ikatazama ndoo zake. Tulikuwa nyumba zaidi ya hamsini, na kila mmoja alijua ya kwake iko nyuma ya ukuta gani. Hakuna aliyesema. Utasema vipi, nyuma yako yumo mtu usiyemjua analala na nani na anapeleka maneno wapi? Mficha uchi hazai. Tulikwepa kodi, na maji nayo yakatukwepa, tukabeba ndoo miaka hiyo yote tukiilaumu serikali kwa sauti na kujilaumu kimoyomoyo.

Mwashi akafa. Alianguka kutoka kwenye ngazi yake mwenyewe, akakaa siku sita kitandani. Mshonaji alimkalia upande wa bega bovu. Hakumuuliza habari za wosia wala mashamba. Alimwinamia sikioni: "Niambie kweli, mlango umo?" Mgonjwa akasema, "Umo." Alisema kwa pumzi ile ya mtu anayetaka kuachwa alale. Huwezi kujua.

Wake wale wakabaki wawili, wazee, na jiko moja. Mshonaji hakubahatika mtoto. Mke Mkubwa alikuwa na mwanawe mmoja, tumwite Meneja, kama alivyopenda kuitwa, kwa kuwa alisimamia ghala la mbao mjini na alitembea na funguo nyingi zinazolia. Akaanza kuja mara kwa mara. Analeta sukari, anazipiga kuta kwa kiganja, anahesabu hatua kutoka pembe hii hadi ile.

"Mwana anayepima nyumba wakati mama yake angali anapika," Mshonaji akaniambia, "huyo si mwana, ni Mhesabu."

Na kweli. Ofisi ya kodi ikatangaza kwamba kila nyumba itapewa hati, na kila hati itakuwa na jina, na mwenye jina atalipa kodi ya jengo, basi, hakuna kujificha tena. Meneja alishapata mnunuzi wa kuvunja yote na kupanga maduka. Alihitaji hati tu. Ndipo akaja huyu Binti, siku hizo angali mpya kazini, na nakala ya lile daftari. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchukua gauni langu, sikuondoka.

Binti akaketi kwenye kigoda, akasoma. "Mia moja kumi na nne. Marehemu, mke mmoja. Hati itatoka kwa mama, na watoto wake." Akageuza ukurasa, akarudi. "Hapa kuna mgeni."

"Ni mama mdogo," akasema Meneja, mpole kama mafuta. "Mdogo wake mama. Yuko hapa kwa hisani tu. Nitamtafutia chumba mahali."

Mshonaji hakuinua kichwa kwenye cherehani. Gurudumu lilisimama. Cheti cha ndoa hakuwa nacho, wakati wao wazee ndio walikuwa cheti na wote wamezikwa. Akisema "nilikuwa mke, palikuwa na mlango", amekiri kwamba nyumba ile ilidanganya tangu enzi za wageni, tena akagonge ukuta ambao pengine hauna kitu. Akinyamaza, ni mgeni, na mgeni huondoka. Asiyekuwapo na lake halipo.

"Bibi," Binti akamgeukia Mke Mkubwa, "huyu ni mdogo wako?"

Mke Mkubwa alikuwa ameshika kifuniko cha chungu. Nikasema moyoni, haya, atafunika. Akakiweka chini.

"Baba yangu alizaa mtoto mmoja wa kike, ndiye mimi. Huyo ni mke mwenzangu."

"Mama!" Meneja akaruka na funguo zake.

"Nyamaza. Nilidanganya kwa ajili ya bega la baba yako. Kwa ajili ya duka lako sidanganyi."

"Kwa hiyo mlikwepa kodi?" akauliza Binti. "Miaka yote?"

"Tulikwepa. Tufunge."

Binti akatutazama, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikajidai naangalia mishono ya gauni. Akasema hana wa kumfunga kwa kodi ya serikali iliyokufa. Lakini maneno matupu pia hawezi kuyaandika, maana kesho kila mgeni mtaani atakuwa mke. "Kanuni yetu ni ileile ya zamani, bibi. Kila mlango wa barabarani una namba yake. Nionyesheni mlango, nitaandika mlango."

Mshonaji akainuka polepole. Akaenda chini ya kitanda akatoa nyundo ya marehemu. Akasimama mbele ya ule ukuta, akainua, akabaki vile, mkono juu, kama aliyesahau kilichomleta. Akashusha.

"Kuna nini?" Mke Mkubwa akauliza.

"Alinituma chokaa. Mbali. Kama hamna kitu humu, basi aliuza mbao, aliniongopea mpaka kufa, na mimi ni mgeni kweli."

"Umekaa na wazo hilo miaka yote?"

"Nimekaa nalo na wewe."

"Lete hapa." Mke Mkubwa akamnyang'anya nyundo. "Mimi sina cha kupoteza humo."

"Mama, unavunja nyumba yako!" akalia Meneja.

"Ndiyo sababu naivunja. Ni yangu."

Akapiga. Lipu ikaanguka kipande kizima. Akapiga tena, ikaja tofali, na vumbi jekundu likatujaa puani. Kila pigo lilikuwa zito, la udongo. Mshonaji alikuwa ameshika ufunguo kifuani kwa mikono miwili, midomo inacheza bila sauti. Pigo la sita, au la saba, mlio ukabadilika. Ko.

Mke Mkubwa akapiga polepole, kama anayebisha hodi. Ko, ko.

Mchwa walikuwa wamekula chini, shubiri moja hivi. Kitasa kilikuwa kimevaa kutu kama kidonda. Mshonaji akauvua ufunguo shingoni, akauingiza. Ukaingia, haukuzunguka. Meneja akaanza kusema hiyo si ithibati, Binti akamwambia ngoja. Mshonaji akaenda kwenye cherehani, akachukua kile kikopo chake chenye mdomo mrefu, akadondosha mafuta matone matatu kwenye tundu, akaketi chini kabisa, akangoja. Tukangoja naye. Kisha akajaribu tena na mlango ukajibu ndani kwa mlio mfupi. Zilibaki tofali za nje tu, na hizo alizisukuma mwenyewe, moja moja, mpaka jua la barabarani likamwangukia miguuni.

Akageuka kwa mwenziwe. Mnadhani alishukuru? Alimtazama kwa jicho moja. "Sasa niambie, unataka nini kwangu?"

"Nataka usipite tena jikoni kwangu," akasema Mke Mkubwa, akaenda kufunika chungu.

Binti akafungua rangi. "Nitaandika mia moja kumi na nne, ya pili."

"Ya pili? Hata kwenye namba?"

"Mia moja kumi na tano imechukuliwa, bibi."

"Imechukuliwa na huyo anayejifanya kutazama gauni. Haya, andika, lakini herufi kubwa."

Wiki ile mtaa wote ulikuwa unagonga kuta. Vumbi tupu. Kila nyumba ilitapika mlango au jiko, mmoja akafukua hata ngazi. Mimi mwenyewe nilikuwa na chumba, tusizungumze. Binti alirudi mara tatu na daftari jipya kabisa, la kwanza lisilo na doa la mjusi, na tukafika nyumba hamsini na nne.

Mshonaji akawa wa kwanza kulipa kila mwaka. Asidhani mtu alikuwa ameanza kuwaamini. Alikwenda dirishani na fedha zake kitambaani, anasomewa risiti mara mbili na makarani wawili tofauti aone kama watasema sawa, kisha anaiinua juani. Halafu anauliza, kwa sauti ya kusikika nje: "Mlango nimewapa. Bomba liko wapi?" Mwaka wa kwanza wakamwambia liko njiani. Mwaka wa pili akawauliza njia gani hiyo, mbona yeye hutembea kwa robo saa. Mwaka wa tatu lilikuja, hatua arobaini kutoka kizingitini kwake, maji yakitoka alfajiri na jioni. Tulipiga vigelegele. Yeye alikinga maji kiganjani, akayanusa. "Haya, wameleta," akasema. "Sasa tuone wanataka nini."

Amekufa mwaka huu, akiwa ndani ya nyumba yake, mlango wazi. Mke Mkubwa ndiye aliyeufunga, na ufunguo sasa anauvaa yeye shingoni. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia chumvi hunyauka.

Basi, Binti, hadithi yako ndiyo hiyo, nimeimaliza na kalamu ya akiba sikuigusa, utarudishiwa. Lakini nami nina langu. Siku ile ofisini ulinionyesha daftari la zamani, lile la mjusi, mmeliweka kwenye kabati la kioo watu walitazame. Nilisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Kwenye mia moja kumi na nne bado pameandikwa mgeni. Mtu amekaa mlangoni kwake, amelipa kodi yake, amezikwa, na kwenye kioo chenu bado anaondoka. Usiniambie la zamani haliguswi, mlipolitaka mlilibadili jalada. Chukua kalamu hii ya akiba, ufute neno hilo, uandike mke. Kisha uje unichukue nione kwa macho yangu, na uniletee risiti ya daftari hili nililokuandikia, yenye tarehe na jina lako. Nitaisoma mara mbili.